Mafunzo ya TEHAMA kwa walimu Kigoma: semina ya mjini au shuleni kwao?

Kila ikija habari ya kuwafundisha walimu kutumia teknolojia darasani, huku Kigoma watu wanagawanyika palepale, wapo wanaosema walimu wapigwe msasa haraka na wapo wanaouliza kishikwambi cha nini kwenye darasa ambalo watoto wanabanana wanne dawati moja. Hawa wa pili siwabezi hata kidogo, maana ukiingia shule za ndani kule Buhigwe au Uvinza unakuta mwalimu mmoja kabeba hisabati na fizikia shule nzima, sasa huyo umtoe wiki nzima akakae semina mjini watoto unawaachia nani? Hoja nzito hiyo, na wapangaji wa mafunzo huwa wanairuka tu.

Ila vifaa vilishafika jamani. Vishikwambi vya sensa ya 2022 waligawiwa walimu, Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bure, halafu mtaala ulioanza 2024 unataka mwanafunzi atende na sio kukariri. Ukisema tusubiri madawati kwanza, betri zinakufa kabla kifaa hakijafundishia hata kipindi kimoja.

Kinachoniuma mimi ni mafunzo yenyewe. Semina nyingi zinafundisha kubonyeza, washa hapa, fungua hiki, tengeneza slaidi, tena kwenye ukumbi wenye projekta, halafu cheti, posho, picha ya pamoja, kwisha. Mwalimu anarudi shuleni projekta hakuna. Chukua kidato cha pili, baiolojia, mada ya moyo na mzunguko wa damu, wanafunzi themanini na kioo chenyewe hakizidi daftari, wa nyuma wataona nini? Kuna mwalimu Kasulu anapakua video usiku kwa bando lake, kesho anagawa darasa makundi, kundi moja linatazama moyo unavyosukuma damu, wengine wanachora na kujibu maswali ubaoni, baada ya dakika kumi wanabadilishana. Makelele yapo ndio, ila hadi wa nyuma anaona vali, kile kilango cha moyo, ikifunguka. Huo ni ualimu zaidi kuliko kompyuta, na semina ya siku tatu haimpi mtu huo ujuzi.

Ndio maana mimi nipo upande wa mafunzo ya palepale shuleni. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ilishaweka utaratibu wa walimu kukutana kwenye jumuiya za ujifunzaji hukohuko kazini, tatizo ni kwamba kama hamna anayejua kitu, jumuiya inageuka kikao cha kawaida, watu wamechoka, wanatazama saa. Na hapo wanaotetea semina wana haki yao, lazima awepo aliyeiva. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka walimu vyuoni kusomea TEHAMA na wanarudi wanajua mpaka kutengeneza kompyuta, sasa mtu kama huyo kufungiwa shule moja ni kumpoteza.

Kwa hiyo badala ya kukusanya walimu wote siku tatu, halmashauri ichukue wachache walioiva, iwapunguzie vipindi na kuwalipa nauli wazunguke shule za kata, waingie darasani na mwenzao afundishe huku wanamwangalia, na bando la kupakulia masomo litoke kwenye bajeti ya semina, lisitoke mfukoni kwa mwalimu. Kata moja tu ingetosha kuanzia.