Godoro la hewa halimgeuzi mzee

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba nyumba za wazee Kampala zikinunuliwa magodoro ya hewa, vidonda vya kulalia, vile vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu, vitakwisha. Havitakwisha. Godoro hupunguza mgandamizo tu; mzee asiyeweza kujigeuza bado anahitaji kugeuzwa, kwa kawaida kila saa 2, na usiku ndipo mambo huharibika: mhudumu mmoja kwa wodi nzima, karatasi ya kuandika saa za kugeuza inajazwa yote asubuhi kwa mpigo. Kagueni visigino, nyonga na juu ya matako. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo guseni: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kimeanza. Na mzee anaposogezwa, anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka, asiburutwe kabisa! Huko alipo mzazi wako, usiku wanabaki wahudumu wangapi?