Syrah ya Rhône na Shiraz ya Barossa: tunazipima kwa mizani ipi?

Kila Shiraz ya Barossa, Australia Kusini, inapowekwa mezani pamoja na Syrah ya Rhône ya kaskazini, Ufaransa, kuna shutuma ambayo haikosekani: kwamba ya Barossa ni jamu iliyotiwa kileo, na mvinyo wenyewe ni huo wa Rhône. Wapenzi wa Barossa nao hujibu kwamba wa Rhône ni mwembamba, mchachu, na unanukia moshi na ngozi kuliko unavyonukia matunda. Mimi naegemea Rhône, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema. Lakini shutuma dhidi ya Barossa naiona si ya haki, kwa sababu inaupima mvinyo mmoja kwa sifa za mwingine.

Zabibu ni ileile, nyeusi; Syrah na Shiraz ni majina yake mawili. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kuwa wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, aina mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa, na ile hadithi ya kwamba ilitoka Uajemi ikakosa pa kusimama. James Busby alifikisha vipando vya mizabibu ya Ulaya Australia mwaka 1832. Barossa kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 na bado inazaa, kwa kuwa filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hajaingia Australia Kusini. Kwa hiyo hoja ya kwamba Barossa ni wageni wanaoiga haina mashiko.

Tofauti inaanzia kwenye jua. Rhône ya kaskazini ni miteremko mikali juu ya mto, mingi ikiwa ya granaiti, na mahali pengine trekta haipiti, kila kazi ni ya mkono. Upepo wa mistral unashuka kutoka kaskazini na kupoza mashamba. Zabibu huiva, lakini huiva kwa shida, na shida hiyo unaionja. Chukua glasi ya Cornas, mvinyo wa huko ambao kisheria ni Syrah tupu. Kinachofika puani kwanza si tunda. Ni pilipili manga, zeituni nyeusi, moshi, pengine na harufu ya nyama mbichi. Tunda linafuata baadaye, jeusi na lisilo na sukari. Mdomoni tanini, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, zinakamata ufizi, kisha uchachu unayatoa mate pembeni mwa ulimi, na ukishameza mdomo unabaki mkavu, unataka chakula. Kileo mara nyingi kinacheza kwenye asilimia 13.

Hiyo pilipili manga inastahili maneno zaidi, maana nadhani imeharibu mijadala mingi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kuwa harufu hiyo inaletwa na rotandoni, kemikali ileile inayoipa pilipili manga yenyewe harufu yake. Ni kali ajabu: nanogramu 16 tu katika lita ya mvinyo mwekundu zinatosha kunusika. Hata hivyo, karibu mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuinusa kabisa, hata ilipowekwa kwa wingi katika maji. Kwa kawaida kemikali hii hujaa zaidi kwenye zabibu za mahali penye ubaridi. Maana yake ni kwamba watu wawili waaminifu wanaweza kunywa Syrah kutoka chupa moja, mmoja akasifu viungo, mwingine akaona mvinyo mkavu usio na jambo. Wa pili hana ulimi mbovu. Sehemu ya mvinyo ule haimfikii, na ni sehemu ileile ambayo Rhône husifiwa kwayo.

Barossa haimfichi mtu chochote. Ukiinamisha glasi unakutana na plamu iliyoiva, beri nyeusi, chokoleti, vanila, na wakati mwingine nazi. Mvinyo unajaa mdomoni kote, tanini ni laini, na kileo cha asilimia 14.5 au 15 si jambo la ajabu. Joto linapandisha sukari kwenye zabibu na kushusha asidi, ndiyo maana watengenezaji wengi huongeza asidi ya tataliki ili mvinyo usilegee. Vanila na nazi hazitoki kwenye zabibu hata kidogo. Zinatoka kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani, mtindo ulioshika nguvu tangu Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa kampuni ya Penfolds ya Australia, alipoanza majaribio ya Grange, Shiraz yake maarufu, mwaka 1951. Rhône wengi hutumia mwaloni wa Ufaransa, na mara nyingi mapipa yaliyokwisha kutumika, ambayo hayaongezi harufu nyingi.

Hapo ndipo ninapotenganisha mambo ambayo shutuma ya jamu inayachanganya. Utamu wa tunda na unene ni vya Barossa kihalali, vimeletwa na jua lake. Vanila iliyopita kiasi na kileo kinachounguza koo ni maamuzi ya mtu: amechelewa kuvuna, ameweka mapipa mapya mengi mno. Nikikutana na chupa ya namna hiyo naikataa bila kusita. Ila siwezi kuikataa Barossa yote kwa sababu yake, kama ambavyo sikatai Rhône kwa sababu ya chupa inayonuka zizi, kasoro ambayo wapenzi wa Ufaransa wameivumilia muda mrefu mno kwa kuiita tabia ya mahali. Mara nyingi ni hamira aina ya Brettanomyces tu, inayostawi kwenye mapipa yasiyotunzwa vizuri. Na anayesema mvinyo wa Barossa hautunziki miaka mingi, ajue kuwa Grange nzuri hudumu kwa miongo, kama Hermitage, mvinyo maarufu wa Rhône ya kaskazini.

Mpaka wenyewe pia unasogea. Katika joto la mwaka 2003, baadhi ya wakulima wa Rhône ya kaskazini walivuna Agosti, na mivinyo mingi ya mwaka ule ni minene, yenye asidi ndogo, karibu na yale yanayolaumiwa Australia. Upande wa pili, Eden Valley, jirani wa Barossa Valley kwenye miinuko yenye ubaridi, hutoa Shiraz yenye pilipili na uchachu unaoweza kumtatiza mpenzi wa Rhône.

Mtu akitaka kujionea mwenyewe, afungue Crozes-Hermitage, Syrah ya Rhône ya kaskazini, na Barossa za mwaka mmoja, zote zikiwa kwenye nyuzi 16 za Selsiasi hivi. Azingatie joto hilo kuliko umbo la glasi. Barossa ikifika nyuzi 20 na kitu, kileo kinatangulia tunda puani, na hapo inahukumiwa kwa kosa la mwenye kuimimina. Aanze na Rhône, na zote mbili azionje tena chakula kikiwa mezani. Mimi hapo ndipo uchachu wa Rhône huniteka, wakati ambapo Barossa, iliyonipendeza zaidi kabla ya kula, inaanza kuwa nzito kwenye glasi ya pili.