Opereta Hayupo

Mwaka 2011 nilikuwa opereta wa kompyuta kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo, Kanda ya Ziwa. Nilipewa kazi ya kuhamisha majina ya wanachama kutoka kwenye leja hadi Microsoft Access, programu ya kutunzia data, kisha nitengeneze fomu: ukiandika jina la ukoo, salio linatokea. Nikajaribu Mabula, likaja. Magesa, likaja. Nikajiona fundi.

Siku ya kumwonyesha meneja, tumwite Mama Masunga, akafika dirishani mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi. Jina lake nalisitiri; awe Mzee Ng'wanafulani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nitazamie salio, mwanangu."

Nikaandika jina, nikabofya. Kompyuta ikang'aka kwa Kiingereza.

"Inasemaje?" Mama akauliza.

Nikatafsiri nilivyojaliwa. "Kosa la sintaksia. Opereta hayupo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe ni nani?"

Nilikuja kuelewa baadaye. Kwenye swali la SQL, lugha ya kuiagizia Access, nilikuwa nimelifunga jina la mwanachama kati ya ritifaa mbili, ile alama ya ', na Ng'wanafulani anakuja na ritifaa yake kutoka nyumbani. Access ikadhani jina limeishia "Ng", halafu ikawakuta "wanafulani" wamesimama nje peke yao. Opereta iliyokuwa ikimtafuta ni alama ya kuwaunganisha, kama = au AND. Siku ile nilizima, nikawasha, nikapuliza vumbi kwenye kibodi, nikasingizia virusi. Mzee akasomewa salio kutoka kwenye leja.

Usiku nikang'amua kwamba mchawi ni ritifaa. Dawa yake ni ndogo mno: ndani ya swali unaiandika mara mbili, Ng''wanafulani, basi, yamekwisha. Lakini nilishakuwa na kinyongo nayo. Nikaandika swali la kusasisha, amri ya mstari mmoja, nikazing'oa ritifaa zote kwenye jedwali. Halikutoa kosa hata moja. Hapo ndipo ningeshtuka.

Wiki iliyofuata, mkutano mkuu. Katibu anaita mahudhurio kutoka kwenye orodha yangu: "Ngwanafulani!" Anaisoma ng ya ngoma. Kimya. Akarudia. Mzee yuko mstari wa mbele, mikono juu ya mkongojo, hatikisiki.

"Huyo simfahamu," akasema. "Labda ni wa kijiji kingine."

Ukumbi wa Wasukuma, jamani! Akina Ng' walikuwa wamejaa kila safu, na wote wakamuunga mkono mzee kwa kunyamaza. Akidi ikayeyuka tukiitazama. Mkutano ukaahirishwa hadi kesho yake, mimi nikapewa usiku mmoja wa kuyarudisha majina ya watu.

Mwenye akili angefungua leja. Mimi nikaandika mstari mwingine: kila penye "ng", weka "ng'".

Asubuhi nikaibandika orodha mlangoni. Mzee akaja, akalifuata jina lake kwa kidole, akacheka. "Sasa huyu namjua." Nikashusha pumzi. Nyuma yake akafika Mama, akavaa miwani, akasimama muda mrefu mbele ya herufi M.

Mama Masung'a.

Nikasikia viatu vyake vinakuja koridoni. "Opereta yupo?"

Nikiwa chini ya meza, nikamwonyesha mhudumu kwa mkono: mwambie hayupo.