Urafiki wa makuli nao ni hadithi

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anasema riwaya zetu za makuli na wavuvi ni siasa na migomo tu, ndiyo maana vijana wanazisoma kwa ajili ya mtihani. Sikubaliani naye hata kidogo. Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, imejengwa juu ya mgomo wa bandarini Unguja wa 1948, ni kweli. Lakini mtu haachi kibarua, na nyumbani hamna hata kibaba cha mchele, kwa sababu ya hotuba. Anaacha kwa kuwa anamwamini aliyesimama pembeni yake.

Marehemu baba alibeba magunia bandarini. Alipoumia mgongo, aliyemwajiri hakumpa hata senti. Mwenzake wa kazi, tuliyemwita ami ingawa hatukuwa damu moja, alipita kwetu kila magharibi, pesa kazifunga kwenye ncha ya kikoi. Anafungua fundo kwa meno, anaweka nusu juu ya mkeka, anauliza, "Mgonjwa kala?" Kahawa hanywi, anaondoka. Miezi minne nzima!

Urafiki wa namna hiyo ndio ninaoukosa kwenye hadithi za siku hizi. Wako wavuvi wa dagaa wanaongoja giza la mwezi, wako kina mama wanaochemsha dagaa hao ufukweni, macho mekundu kwa moshi, huku wakikopeshana kuni na chumvi. Waandishi vijana, nendeni Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, mkae nao, msikimbilie kuuliza maswali. Mimi nitanunua kitabu cha kwanza.