Kalamu kwenye tundu la soketi

Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya, kwenye vibanda vya vifaa vya umeme, siku hizi utavikuta vimening'inia kati ya balbu na plagi: vifuniko vya plastiki vya soketi, vyeupe, vingi kwa pakiti. Muuzaji akikuona na mtoto mgongoni hakuachi upite hivi hivi. Nilinunua pakiti mbili. Binti yangu alikuwa anaanza kutambaa, na nyumba tunayopanga huku Uyole ina soketi zilizowekwa chini, karibu zinagusa sakafu. Usiku ule nilizunguka chumba kwa chumba nikichomeka, nikalala roho imetulia.

Siku ya tatu akaja fundi kutazama taa ya korido. Akaviona, akacheka, akaanza kuving'oa kimoja kimoja bila hata kuniuliza. "Dada, ukuta huu ulikuwa na ulinzi wake. Wewe umeufungua." Mama mkwe alikuwa kwenye stuli anachambua maharage, naye akatia lake: "Sisi tumelea watoto na hivyo vidude hatuvijui. Mtoto akililia wembe, mpe."

Muuzaji anasema ziba, fundi anasema usizibe, mkwe anasema acha. Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa sasa. Kila mmoja ana chake cha kweli, ila uzito haulingani.

Nianze na fundi, maana hoja yake ndiyo inayoshtua. Soketi za matundu matatu bapa tumezirithi kwa Waingereza. Kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, na kinataka matundu mawili ya chini, yale ya umeme, yawe na vilango vidogo ndani vinavyoyaziba. Katika soketi nyingi vilango hivyo hufunguliwa na pini ndefu ya juu, ya ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), inayotangulia kuingia na kuvisogeza. Mtoto akichokoa tundu la chini kwa msumari au kijiko, anakutana na kizuizi.

Sasa kifuniko nacho kina pini ya juu. Ukikichomeka kinafanya kazi ile ile inayofanywa na plagi: kinafungua vilango. Kikikaa vizuri hakuna neno, plastiki imeziba. Lakini pini ikikatikia ndani, au mtoto akiking'oa na kukirudisha kichwa chini miguu juu, pini ndefu ikazama kwenye tundu la juu huku mwili wa kifuniko ukielekea darini, yale matundu mawili yanabaki wazi na vilango vimesogea. Mlango ambao mtoto asingeuweza, umemfungulia wewe. Isitoshe, vifuniko hivi havina kiwango vinachofuata. Pini zake huja nene au nyembamba, na nene hutanua bati za ndani ya soketi, hata plagi ya kweli ikiingia baadaye inacheza na kupata moto.

Nilidhani ni ubishi wa mafundi tu. Kumbe mwaka 2016 Idara ya Afya ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba vifuniko hivyo visitumike kwenye majengo ya afya na ya huduma za jamii. Hao ndio wenye soketi yenyewe. Marekani mambo ni mengine: soketi zao kwa miaka mingi zilikuwa matundu wazi, na ni toleo la mwaka 2008 la kanuni zao za umeme lililoanza kudai soketi zenye vilango katika nyumba. Kwa soketi ya namna ile kifuniko kilikuwa na maana, na ushauri mwingi wa malezi tunaousoma kwenye simu unatoka huko. Tumeuchukua bila kuangalia ukuta wetu.

Mpaka hapa fundi kashinda. Ila yeye anazungumzia soketi ikiwa mpya, ikiwa ya kiwango, ikiwa haijaguswa. Mimi nilizima meni swichi, nikachukua tochi ya simu, nikapita kwangu kuchungulia moja baada ya nyingine. Ni kazi ya dakika kumi na haihitaji kuingiza chochote: ukiona matundu ya chini yameziba, vilango vipo, ukiona shaba inang'aa, havipo. Ya sebuleni ilikuwa nzima. Ya jikoni nzima. Ya chumbani, kilango kimoja kilikuwa kimepinda kimebaki nusu wazi. Na ekstensheni, ile ya matundu yanayopokea plagi ya kila nchi, haikuwa na kilango hata kimoja. Ilikuwa shaba tupu, tena iko sakafuni, palepale anapotambaa mtoto.

Kilango cha chumbani tulikipinda wenyewe, na najua jinsi tulivyokipinda. Nani hajui? Chaja ya simu ina pini mbili za duara, soketi ina matundu matatu, chaja haiingii. Unachukua mfuniko wa kalamu, au kijiti cha kiberiti, au mpini wa kijiko cha chai, unausukuma kwenye tundu la juu, vilango vinafunguka, unakandamiza chaja yako. Hufanyika saluni, ofisini, gesti, na nyumbani kila jioni. Kwetu palikuwa na mrija wa kalamu uliokaa juu ya kabati kwa kazi hiyo tu, tukiuita "ufunguo".

Mtoto wa mwaka mmoja hajui umeme ni nini, lakini kuiga anajua kuliko sisi. Siku moja nilimkuta binti yangu amekaa mbele ya ukuta, kijiti cha mshikaki mkononi, analenga tundu la juu. Si la chini, la juu. Lile tundu lenyewe halina umeme, soketi ikiwa imeunganishwa sawasawa, ndiyo maana sisi wakubwa tunachokoa na kubaki salama. Ila mkono wake mwingine ulikuwa huru, na chini ya kile kijiti kulikuwa na matundu mawili yanayongoja kufunguliwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba ubishi wa kifuniko unapita pembeni ya jambo. Waingereza waliweka kufuli mwaka 1947, na sisi tunamwonyesha mtoto ufunguo kila siku saa mbili usiku.

Kwa hiyo muuzaji naye asifukuzwe kabisa. Kwenye soketi yenye vilango vizima kifuniko chake kinaharibu. Kwenye ekstensheni ya matundu wazi, kifuniko kinachobana vizuri ni bora kuliko shaba tupu, kwa kuwa hakuna kilango cha kufungua. Lakini hata hapo dawa hasa ni kuiondoa ekstensheni sakafuni, na ukipata nafasi kuitupa. Kifuniko kinacholegea kinageuka kitu kidogo cha kutia mdomoni, na huo ni msiba mwingine.

Nije kwa mkwe. Methali yake nimeiheshimu, na sehemu kubwa ya malezi yetu huku nyanda za juu imesimama juu yake: mtoto anaanguka, anaungua kidogo na kiazi cha moto, anajua. Wembe unakata, damu inatoka, somo limeingia na mwanafunzi yupo. Umeme wa volti 230 hauahidi hivyo. Mtoto anatambaa kwa viganja na magoti, ngozi laini, mara nyingi na mate mikononi, juu ya sakafu ya simenti ambayo wakati wa kifuku hapa Mbeya haikauki sawasawa kuanzia Novemba mpaka Aprili. Umeme ukiingia kidoleni una njia pana ya kutokea. Nilimweleza hivyo, akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo sisi wote wenye vifuniko na testa hatukuwa tumeuliza: "Na ile hita ya maji je?"

Hapo alinishika. Wanaoishi pwani wanaweza wasielewe, lakini Juni na Julai huku, na Makete na Njombe ndiyo zaidi, hakuna anayemwogesha mtoto kwa maji ya bomba. Mkaa umepanda, gesi inabanwa, basi watu wengi wana ile hita ya koili: unaitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki, unachomeka, unasubiri. Ndoo inakaa koridoni, waya unapita sakafuni, ekstensheni iko kando yake. Koili ikipasuka au ikiwa imechakaa, maji yenyewe yana umeme, na ndoo ya plastiki haiwezi kuupeleka ardhini. Inasubiri atakayegusa maji. Mtoto anayejifunza kusimama hushika ukingo wa ndoo. Hata umeme usipovuja, maji yanachemka. Nimezunguka nyumba nzima nikiziba matundu ukutani huku jambo la hatari kuliko yote likiwa limesimama wima katikati ya korido, na mimi ndiye niliyeliweka. Nimeacha kuitumia. Maji sasa yanachemshwa jikoni, mlango umefungwa, na ndiyo, inachosha.

Kuna wanaosema dawa ya yote ni kupandisha soketi juu, usawa wa kifua cha mtu mzima, kama ilivyo kwenye nyumba kadhaa ninazozijua Iringa mjini. Ina faida kwa anayetambaa. Lakini soketi ikiwa juu, waya unaning'inia, na mtoto anayetembea huvuta kinachoning'inia. Mwisho wa waya ule mara nyingi kuna jagi la maji ya moto au pasi. Sioni kama tumepona hapo. Tumehamisha tu hatari kutoka kidoleni kwenda kichwani.

Kile ninachoona kingestahili pesa kuliko yote hakionekani na mtoto kabisa, kipo kwenye boksi la meni swichi. Mafundi hukiita RCD. Breka ya kawaida, tuseme ya ampea 32, kazi yake ni kulinda waya usiungue. Mkondo unaoweza kumuua mtoto ni mdogo mno kuishtua. RCD inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na pakipotea ampea 0.03, yaani mara elfu moja na ushee chini ya ile 32, inakata yote kufumba na kufumbua. Kwa mtoto aliyegusa waya huku magoti yako kwenye simenti, hiyo ndiyo tofauti.

Nayo ina mapungufu, na muuzaji hatakuambia. Mtoto akitafuna waya wa ekstensheni, umeme unaweza kwenda na kurudi ndani ya mdomo wake bila kuvuja ardhini, na RCD isione kitu. Majeraha ya namna hiyo pembeni ya mdomo ni ya kupeleka hospitali hata yakionekana madogo, kwa sababu yanaweza kuanza kutoa damu nyingi siku kadhaa baadaye, kidonda kinapobanduka. Jambo la pili ni sisi wenyewe. Kifuku kikianza, RCD kwenye nyumba yenye waya mbovu hukata ovyo, mwenye nyumba anakasirika, anaita mtu wa kuiruka, umeme usipite tena kwenye RCD. Ni kama kung'oa kengele kwa sababu inalia. Inakata kwa kuwa kuna mahali umeme unavuja.

Kwa anayepanga, haya yote yana ukuta mwingine: nyumba si yako. Tanesco inafikisha umeme kwenye mita, ndani ni juu ya mwenye nyumba na fundi wake, ambaye kisheria anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Mwenye nyumba gani anamwita fundi mwenye leseni kwa ajili ya mtoto wa mpangaji? Nilipomwendea wangu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba nyumba ina miaka kumi na mbili na hakuna aliyekufa. Nilimwambia kuhusu moto badala ya mtoto, kuhusu paa lake, na hapo akasikiliza. Tumekubaliana nusu kwa nusu, yangu niilipe kidogo kidogo pamoja na kodi. Fundi yule yule aliyeving'oa vifuniko ndiye amefunga RCD, amebadilisha soketi ya chumbani, na amenifundisha kubonyeza kitufe cha kujaribia kila baada ya miezi michache. Alikuta pia soketi moja imeunganishwa kinyume, waya moto upande wa waya baridi, kiasi kwamba ukizima swichi yake umeme ulibaki palepale kwenye tundu. Nilikuwa naizima kila usiku nikijiona mwangalifu.

Vifuniko vilivyobaki vimo kwenye mfuko wa rambo, sijui nimpe nani, maana sijui ukuta wa nani una nini. Chaja tumenunua za pini tatu. "Ufunguo" tumeutupa. Binti yangu bado hupita pale chumbani, huchuchumaa mbele ya soketi mpya, hunyoosha kidole kwenye tundu la juu, kisha hugeuka kunitazama, akingoja nilete kalamu.