Elektrodi si waya mtupu
Makala ninayoijibu hapa inaieleza elektrodi (ncha ya metali ya kifaa cha kusaidia kusikia) inayopandikizwa katika sikio la ndani kana kwamba ni waya unaofikisha umeme kwenye neva, kosa linalosameheka lakini linaloficha kiini cha jambo. Ndani ya metali umeme hubebwa na elektroni, ilhali katika majimaji ya mwili hubebwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji, na ndiyo maana wahandisi huuchora mpaka kati ya metali na majimaji kama kapasita (kihifadhi chaji) iliyo sambamba na ukinzani, kisha wakaunganisha ukinzani wa tishu kwa mfululizo. Chaji ambayo mpigo wa umeme huiacha kwenye kapasita hiyo isiposawazishwa kwa mpigo wa pili wa mwelekeo wa kinyume, platini, metali ya elektrodi, huweza kulika na tishu kudhurika. Aidha, kovu linapoizunguka elektrodi baada ya upasuaji, ukinzani hubadilika. Kwa hiyo, ili chaji inayofika isibadilike pamoja na ukinzani, vifaa hivi vya kupandikizwa hudhibiti mkondo, si volteji.