Mbwa watatu, hiyo "wa" ya nini?

Hivi ukisema "mbwa watatu wamekuja", hizo wa- mbili zinafanya kazi gani wakati tatu imeshasema kila kitu? Hii ndo hoja ya watu wanaobuni lugha zao, na sio hoja ya kipuuzi. Zamenhof alipotoa lugha yake ya kubuni, Kiesperanto, 1887 aliweka j ya wingi mwishoni mwa nomino na kivumishi nacho kikalazimika kuifuata, "tri bonaj hundoj", mbwa watatu wazuri. 1907 wakaja watu wa Ido, lugha iliyotokana na Kiesperanto, wakaona huo ni mzigo, kivumishi kikae kilivyo, "tri bona hundi" basi. Toki Pona, lugha nyingine ya kubuni ya 2001, ikafuta kabisa: jan ni mtu, jan haohao ni watu, ukitaka wengi unaongeza mute. Na lugha za kweli zipo hivyo pia, Kiindonesia kitabu ni buku (sio buku ya hela jamani), vitabu vitatu ni "tiga buku", na nchi ina watu zaidi ya milioni 250 wanaelewana vizuri tu.

Sawa. Ila mi bado nautetea wingi wetu, maana ukiangalia vizuri sio kila mahali ni marudio. "Simu imeibiwa" na "simu zimeibiwa", neno simu limekaa vilevile, kitenzi ndo kinakwambia hasara ni ya kiasi gani, ukiling'oa hilo zi- hapo umebaki gizani. Na hata pale panaporudiwa, mtandao ukikatakata ukakosa neno moja, lililobaki linakuokoa.

Halafu wasemaji wenyewe hawauoni kama mzigo. Kitabu kimetoka Kiarabu, k yake ni sehemu ya mzizi na wingi wao ni kutub, sisi tukaisikia ki- ya mwanzoni kama ki- yetu tukatoa vitabu. Mzunguko wa barabarani ukaitwa kipilefti, toka "keep left" ya Kiingereza, ikiwa miwili ni vipilefti! Hakuna aliyelazimishwa.

Upande wa pili una jibu, watakwambia nenda Nairobi, mtu anasema "viatu zangu zimepotea" na hakuna anayeshangaa, kwahiyo lugha inajirahisisha yenyewe. Kweli, lakini sikiliza kilichoenda na kilichobaki: ile vi- ya "vyangu vimepotea" imetupwa, zi- imeshika nafasi yake, na bado unajua vilivyopotea ni vingi.